Niliwageuza wacheza ngoma wa Mtwara wamtazame mgeni rasmi, siku ya jukwaa nikaumbuka

Wakuu, salaam kwenu wote, wa bara na wa pwani.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo na mimi nimeona nichangie. Ninayoyaandika yamenitokea mwenyewe, na kwa kuwa ujinga mwingi uliomo ni wangu, sina sababu ya kuongeza chumvi. Mwenye haraka aende jukwaa la siasa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Iringa, ila ajira ilinitupa Mtwara, kijiji kimoja njia ya kwenda Msimbati. Napangiwa kituo nililia kidogo. Sasa hivi ukiniambia nihame tutagombana. Samaki wabichi, korosho za kumwaga, na watu wana utani balaa.

Tusitoke kwenye mada.

Pale kijijini kuna kikundi cha ngoma cha akina mama. Wako kumi na wawili, karibu wote wakulima wa korosho na muhogo, na wapigaji wao ni wanaume wanne. Kiongozi anaitwa Bi Somoe, mama wa miaka hamsini na kitu, anauza muhogo wa kukaanga pale wanapopaki bodaboda. Huyu mama akianza kucheza unasahau ulikuwa umetumwa nini dukani.

Mwaka mmoja kabla ya mimi kuingia kwenye hii habari, walialikwa tamasha la ngoma mjini. Ilikuwa mara yao ya kwanza kupanda steji.

Wakacheza kama wanavyocheza siku zote, yaani uso kwa uso na wapigaji. Tatizo wapigaji waliwekwa nyuma kabisa, kwenye bango la tamasha. Kwa hiyo mgeni rasmi na meza kuu nzima wakaoneshwa migongo mwanzo mwisho.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Akina mama, mgeni rasmi hakuja kukagua migongo!"

Uwanja ukaangua kicheko. DJ akawawekea muziki juu ya ngoma yao, wakateremka hata hawajamaliza.

Mtu akawa amerekodi. Video ikazunguka magrupu yote ya WhatsApp ya Mtwara, na Bi Somoe akapata jina, Mama Mgongo. Mpaka wanafunzi wangu walikuwa wakienda kununua muhogo wanasema, "Mama Mgongo, naomba wa mia mbili." Yeye anacheka nao, anafunga muhogo kwenye gazeti, lakini ukimwangalia vizuri uso unakuwa umeshuka. Mimi niliona, na iliniuma.

Basi mwaka uliofuata mwaliko ukaja tena. Bi Somoe akanifuata shuleni. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye dawati la darasa la pili magoti yakagusa kidevu.

"Nasikia wewe kwenu ulikuwa unafundisha kwaya."

"Ndiyo mama."

"Basi tufundishe na sisi kusimama mbele za watu. Mara hii wakinicheka, njuga navua. Sichezi tena, hata arusi ya mwanangu sichezi."

Njuga ni vile vikengele wanavyofunga miguuni. Mama huyu kazifunga toka yuko msichana, na alisema vile kwa upole kabisa, kama mtu aliyekwisha kuamua. Nikaona hapa si mchezo. Nikakubali, na kichwa kikavimba kidogo, nisiwafiche.

Kesho yake baada ya swala ya Alasiri tukaanza mazoezi uwanjani pa shule.

Wakuu, mimi nilikuja na kwaya yangu ya Iringa nzimanzima. Wafupi mbele, warefu nyuma. Mistari nikachora kwa majivu. Filimbi shingoni. Nahesabu moja, mbili, tatu, nne, geuka! Moja, mbili, tatu, nne, rudi!

Mama mmoja anaitwa Mwanahawa, mdogo kuliko wote na mdomo anao, akaniuliza, "Mwalimu, hapa tunacheza au tuko mchakamchaka?"

Mpigaji mkuu ndiye alikuwa kichwa ngumu zaidi. Anaitwa Selemani, dereva bajaji, mdogo wake mume wa Bi Somoe. Yeye ndiye anapiga kinganga, ile ngoma ndogo yenye sauti kali inayowaongoza wengine wote. Kila nikihesabu anasimamisha mikono ananitazama kama abiria aliyegoma kushuka.

"Mwalimu, nani anaongoza ngoma? Mimi au hiyo filimbi?"

Nikamwambia wewe piga, kazi yako iwe nyuma ya wachezaji, wao wanatazama mbele. Siku nne za kwanza ilikuwa vurugu tupu. Wakitazama mbele wanapotea. Mmoja yuko kushoto, mwingine kulia, wa tatu kasimama anajikuna. Nikipuliza filimbi ndiyo wanazidi. Nikaanza kujilaumu kwa nini nilijitia ujuaji.

Siku ya tano nikabadilisha kitu kimoja tu. Jua la jioni lilikuwa linawapiga machoni, nikawageuza waelekee upande wa pili, kwenye jengo la ofisi, na wapigaji nikawahamishia nyuma yao vilevile. Jengo jipya, lina yale madirisha makubwa ya alumini yenye vioo vyeusi.

Nikawaambia, "Hayo madirisha ndiyo mgeni rasmi. Msimwondolee macho."

Wakacheza.

Aisee. Kumi na wawili kama mtu mmoja! Bega linapanda pamoja, mguu unashuka pamoja, njuga zinalia mara moja. Selemani akibadilisha mapigo, nao wamo. Na nyuso zote mbele.

Nilipuliza filimbi kwa furaha mpaka mate yakanikauka. Nikajua kuhesabu kwangu kumewaingia. Wiki mbili zilizofuata ilikuwa raha tupu, mwalimu mkuu anatoka na kiti chake kuja kutazama, watoto wamejaa, mama wa maandazi naye kahamishia biashara pale. Nikaweka status, nakumbuka mpaka maneno: "Ukiwa na kipaji usijifiche." Mniwie radhi.

Kuna mkuu kanifuata PM sasa hivi wakati naandika, anauliza kama ni ngoma ya kiuno. Mkuu, tulia usome.

Siku ikafika. Tukaingia mjini mapema, jukwaa limejengwa kwenye uwanja mmoja kule Ufukoni, zuri, la mbao, spika kubwa kama makabati. Asubuhi kila kikundi kinapewa dakika kumi za kujaribu.

Zamu yetu ikaja. Wapigaji nyuma, kwenye bango. Akina mama mbele, wameelekea viti vya wageni ambavyo bado ni vitupu. Mimi chini na filimbi yangu, najitazamia sifa.

Selemani akapiga.

Wakuu, sijui nianzie wapi. Ilikuwa kama ile siku ya kwanza, tena bora siku ya kwanza. Mwanahawa akaenda kulia, jirani yake akaja kushoto, wakagongana vichwa. Wawili wakageuka kumtazama Selemani, waliobaki nao wakaona wageuke, na mara migongo yote hiyo, kumi na miwili, inatazama viti. Vijana wa spika wakaanza kucheka. Mmoja akatoa simu.

Bi Somoe akasimama. Akashuka ngazi polepole njuga zinalia, akanijia.

"Mwalimu, vioo viko wapi?"

"Vioo gani mama?"

"Vile vya kule shuleni. Sisi tunamwonaje Selemani?"

Sikuelewa. Ikabidi anieleze kama anavyoeleza mtoto wa chekechea.

Kumbe ngoma yao hawaifuati kwa sikio peke yake. Selemani kabla hajabadilisha mapigo huwa anainua bega la kushoto kidogo, kidogo sana, na wao wanalidaka lile bega. Ukisubiri mpaka usikie sauti umeshachelewa. Ndiyo maana siku zote wanamtazama mpigaji. Ndiyo maana mwaka ule walimpa mgeni rasmi mgongo.

Na pale shuleni nilipowageuza kwenye ofisi, walikuwa wanamwona Selemani kwenye vioo vya madirisha! Ile "nyuso mbele" yangu yote ilikuwa wanatazama bega la Selemani kwenye kioo.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulijua wewe ndo umepanga, mwalimu. Tukasema huyu ntu ana akili, katafuta vioo."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Yeye hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Akakaa kwenye ngazi, akaanza kufungua kamba ya njuga mguu wa kulia. Nikamshika mkono nikamwambia mama subiri kwanza, usivue. Nitafanya kitu.

Kitu chenyewe sikuwa nacho.

Nikatoka mbio mpaka kwenye saluni moja ya karibu, nikamwomba dada mwenye saluni aniazime kile kioo kikubwa cha ukutani. Alidhani nimerukwa na akili, ila nilivyomsimulia akacheka akanipa na msaidizi wa kukibeba. Tukakipakia kwenye bajaji nimekikumbatia kama maharusi. Tunakigeuza tukisimamishe mbele ya jukwaa, jua la saa tano likagonga kioo, likarudi moja kwa moja kwenye meza kuu. Mzee aliyekuwa anapanga chupa za maji pale akapiga kelele kafunika macho.

Na kikisimama kinamziba mgeni rasmi. Kioo kikarudi saluni.

Nikaenda nikajitupa kwenye kiti kimojawapo cha wageni, mstari wa mbele. Nimechoka, nimeloa jasho. Majaribio yameisha, akina mama wako juu ya jukwaa wamekaa kivulini mwa bango, wanakula maandazi.

Selemani naye alikuwa na shida yake. Ngoma za huku hukazwa ngozi kwa moto kabla ya kupigwa, bila hivyo sauti inalegea. Jukwaani moto hauruhusiwi, mbao zile. Kwa hiyo akashuka chini, akakusanya makuti makavu, akawasha kamoto kadogo pale katikati ya jukwaa na viti, mbele yangu kabisa. Akawa anaipitisha kinganga juu ya moto, anaigonga kidole, anasikiliza, anairudisha.

Ilipokaza akaipiga kweli, mapigo kama manne matano, kuijaribu tu.

Juu kule Mwanahawa akasimama na andazi mkononi.

Akapiga tena. Wakasimama watatu. Wenzake Selemani watatu wakasogea na ngoma zao kwenye ule moto, wakaingia naye, na kufumba na kufumbua wale akina mama wote, hata Bi Somoe katoka kwenye ngazi, wako ukingoni mwa jukwaa wanacheza, hawakuitwa na mtu. Wanamtazama Selemani. Na Selemani yuko chini, mbele yangu. Maana yake wananitazama mimi!

Nyuso kumi na mbili. Mabega pamoja, miguu pamoja.

Nikapanda juu ya kiti nikapiga kelele nisiyoijua ni ya lugha gani. Wiki tatu nahangaika kuwageuza wachezaji, kumbe wa kuhamishwa walikuwa wapigaji.

Sasa ikabaki vita mbili.

Ya kwanza, dada mmoja wa kamati, mwenye kitambulisho shingoni na ratiba mkononi. Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Kaka yangu, hakuna anayekaa mbele ya mgeni rasmi. Itifaki hairuhusu."

"Dada, wakae chini kabisa, kwenye mkeka. Hawatamziba."

"Na moto?"

"Moto tutazima."

Akanitazama, akamtazama Bi Somoe aliyekuwa amerudi pale kwenye ngazi. Nadhani alimjua, maana ile video ilifika kila simu. Akashusha pumzi akasema, "Mkeka uwe mmoja. Na nikiona kichwa kinapita usawa wa meza, nawatoa."

Vita ya pili ilikuwa Selemani mwenyewe.

"Mimi nikae chini miguuni pa watu, wanawake wako juu? Nke wangu kanipigia pasi hili shati ili nipande jukwaani, leo nikakae mkekani?"

Bi Somoe ndiye aliyemjibu, na hata sauti hakupandisha.

"Shemeji, ukikaa kule nyuma yetu nani atakuona? Tuko kumi na wawili na makalio yetu haya. Ukikaa hapa chini, ntu wa kwanza kuonwa na mgeni rasmi ni wewe na hilo shati lako."

Selemani akafikiri. Akajipangusa shati begani.

"Mkeka uwe msafi," akasema.

Tukapanda baada ya Alasiri, uwanja umefurika. Filimbi niliiacha kwenye begi.

Walipotokea, vijana kule nyuma wakamtambua. Mmoja akapaza sauti, "Mama Mgongoo!" Kicheko kikaanza kutembea kwenye viti. Bi Somoe akawa ametazama chini, mkekani, kwa Selemani tu.

Bega likapanda.

Wakaingia wote kumi na wawili, safi kama maji ya mtungi. Kicheko kikakatika katikati. Watu walioinua simu ili wacheke wakabaki wameziinua, sasa wanarekodi kweli. Meza kuu wakaanza kutikisa vichwa kufuata mapigo. Mgeni rasmi kainama mbele, anamtazama Selemani, anatazama juu, anamtazama Selemani tena, naye Selemani alivyojua anatazamwa akaanza kupiga kwa madaha kama kinganga ni yake peke yake Tanzania nzima.

Yule kijana wa nyuma hakukoma. "Mama Mgongo!"

Bi Somoe akamsikia. Nilimwona amemsikia. Akatabasamu, akatoka mstarini hatua mbili, halafu kwa makusudi kabisa akageuka akawapa mgongo.

Pale haoni bega, haoni chochote.

Akautikisa ule mgongo taratibu, kutoka mabegani mpaka chini, njuga zinajibu. Na Selemani, yule kichwa ngumu, akaacha mapigo yake akamfuata yeye! Mama anatupa bega, ngoma inadaka. Anatupa jingine, inadaka. Kisha akageuka ghafla akawatazama watu na mikono kiunoni.

Uwanja ulilipuka wakuu. Vigelegele mpaka spika hazisikiki. Mke wa mgeni rasmi alitoka mezani na noti akaja kumtunza, itifaki ikaishia hapo. Yule dada wa kamati alikuwa anacheza na ratiba yake kichwani. Na lile jina likaitwa uwanja mzima, watu wamesimama, safari hii linaitwa kwa kushangiliwa.

Mimi nililia, sina aibu kusema. Nililia kama siku ile ya kupangiwa kituo.

Matokeo tulikuwa wa pili. Kundi la kwanza walistahili, walikuja na wachezaji wanaotembea juu ya miti mirefu, utashindana vipi na mtu mwenye urefu wa mnazi. Hakuna kwetu aliyejali.

Wakati wa kurudi tulikodi Canter. Tukasimama njiani kununua soda, Bi Somoe akaniita pembeni. Nikajua anataka kunishukuru, nikaanza kuandaa maneno ya unyenyekevu.

Akasema, "Mwalimu, mimi nimeanza kucheza sijavunja ungo. Miaka yote hiyo nikicheza natazama bega la ntu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimewaona watu."

Akanywa soda kidogo.

"Kulikuwa na mama mstari wa tatu, kajitanda ushungi wa kijani. Analia na anacheka. Simjui, na yeye hanijui. Kumbe tukicheza watu wanakuwa vile?"

Nilimwambia tu ndiyo mama, wanakuwa vile.

Funzo nililopata wakuu ni hili: kabla hujamgeuza mtu, muulize kwanza alikuwa anatazama nini. Mimi nilifika na majivu na filimbi, nikaona migongo, nikadhani ni kosa la watu wasiojua steji. Walikuwa na sababu yao, na ningeuliza swali moja tu siku ya kwanza, lile kumbatio la kioo kwenye bajaji lisingekuwepo.

Mliowahi kuandaa kwaya, ngoma, maigizo, hata gwaride la shule, uwanja ni wenu. Tuambieni ni kitu gani mlikihangaikia wiki nzima kumbe wenyewe walikuwa wanakijua toka mwanzo. Na kama kuna mtu anamfahamu mama aliyevaa ushungi wa kijani siku ile Ufukoni, amwambie kuna mtu huku njia ya Msimbati kila akikaanga muhogo anamtaja.